Viwavi wa kabichi hawaishi: ninunue wadudu wa kuwala?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nalima kabichi nusu eka huku Lushoto. Shida yangu ni viwavi wadogo wa kijani. Ukiwagusa wanajinyonganyonga na kujiangusha, wananing'inia kwenye uzi. Napiga dawa kila baada ya siku tano, mara nyingine nachanganya aina tatu kwenye bomba moja, na bado majani ni matundu matupu. Jirani yangu katoka kwenye mafunzo, anasema siku hizi kuna wadudu wanaofugwa na kuachiwa shambani wakawala wale waharibifu. Wanauzwa wapi, na kwa bei gani? Na wakishamaliza viwavi, hawatageukia kabichi yangu?

Jibu: Pole sana, dada. Kila siku tano ni hela nyingi, na ni sumu nyingi inayokuvujia mgongoni kutoka kwenye bomba. Nitaanza na lile la kununua, maana ndilo litakalokuokolea fedha mapema: kwa sasa usinunue mdudu yeyote. Wadudu wanaowaua viwavi hao, kwa uzoefu wangu wa mashamba ya milimani, huwa wamo humo humo shambani au kwenye majani ya pembeni. Wanaowamaliza ni sisi, kwa bomba. Kazi yako ya kwanza ni kuwajua kwa sura na kuacha kuwaua. Ya kuongeza wengine itafuata, kama itahitajika.

Viwavi ulivyowaeleza ni wa nondo mgongo wa almasi. Nondo mwenyewe ni mdogo, wa kijivu, na akikunja mabawa unaona mgongoni alama nyeupe zilizopangana kama vialmasi. Jioni ukipita katikati ya matuta na kuyatikisa majani, utawaona wakiruka mruko mfupi na kutua tena. Jike hutaga mayai kwenye jani. Kiwavi akitoka huanza kwa kuchimba ndani ya jani, kisha hutoka na kulikwangua kwa chini akiacha ngozi ya juu, ndiyo maana unaona vidirisha vinavyopitisha mwanga kabla ya kuona matundu. Kukiwa na joto, kutoka yai hadi nondo ni kama wiki tatu au pungufu. Kwenye baridi ya Lushoto inachukua muda zaidi, lakini bado kabichi moja, tangu kupandikiza hadi kuvuna, inapitiwa na vizazi kadhaa.

Hapo ndipo dawa zako zinaposhindwa. Kila ukipiga, wachache wenye mwili wa kuistahimili wanabaki, wanazaana wao kwa wao, na baada ya vizazi vichache shamba zima ni la uzao wao. Mdudu huyu ana historia ndefu ya jambo hilo. Mwaka 1953, katika kisiwa cha Java, aligundulika kuishinda DDT, na tangu hapo amezishinda dawa nyingi sana katika nchi nyingi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuchanganya vizuri. Wala aina tatu kwenye bomba moja hazisaidii. Mara nyingi ni majina matatu ya dukani yenye kiambato kilekile au vya ukoo mmoja, na mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuunguza majani na kukudhuru wewe mwenyewe.

Sasa linganisha na adui wa kiwavi. Kiwavi yuko chini ya jani au amejificha kwenye kiini cha kabichi, dawa inamfikia kidogo. Nyigu anayemwinda hushinda akitembea juu ya majani, akiyapapasa kwa vipapasio vyake, mwili wote uko nje. Dawa ileile ambayo kiwavi ameshaizoea, nyigu hajaizoea. Anakufa siku hiyohiyo, na hata yule anayekuja kesho yake akitembea juu ya jani lenye mabaki anakufa pia. Baada ya siku tano unabaki na viwavi wasio na mtu wa kuwasumbua, nawe unashika bomba tena.

Nikisema nyigu usimfikirie yule mkubwa anayejenga kwenye paa na kuuma. Hawa ni vidudu vyembamba kama sisimizi mwenye mabawa, na wala hawamuumi mtu. Wa milimani anaitwa kitaalamu *Diadegma semiclausum*. Wakati mmoja nilikaa karibu saa nzima kwenye ukingo wa tuta na mkulima mmoja tukimwangalia nyigu mmoja tu. Alilifikia jani lenye vidirisha, akaanza kulipapasa kwa kasi kuzunguka sehemu iliyoliwa. Kiwavi akashtuka, akajiangusha, akaning'inia kwenye uzi wake kama unavyowaona wewe. Tulidhani amenusurika. Nyigu hakwenda popote. Alisimama kando ya pale uzi ulipoanzia, akangoja. Baada ya muda kiwavi akaanza kuupanda uzi wake kurudi kwenye chakula, na alipofika tu ukingoni mwa jani nyigu akamchoma, mara moja, kitendo cha kufumba na kufumbua. Mkulima akaniuliza, "Mbona hajafa?" Ni swali zuri, kwa sababu kiwavi yule aliendelea kula.

Hafi papo hapo kwa kuwa hakuchomwa sumu ya kumuua. Ametiwa yai. Yai linaanguliwa ndani ya kiwavi, funza wa nyigu anakua polepole humo akimwacha aishi, mpaka kiwavi anapofikia umri wa kusuka kifukofuko chake ili awe pupa. Hapo funza anammaliza na kusuka kifukofuko chake mwenyewe ndani ya kile cha kiwavi. Kwa hiyo shamba lenye nyigu wengi bado utaliona lina viwavi wanaotafuna, na ukikata tamaa ukapiga dawa, unaua jeshi lako likiwa bado tumboni mwa adui. Faida yake unaiona kwenye kizazi kinachofuata, ambapo kile kifukofuko kilichopaswa kutoa nondo wa kutaga mayai kinatoa nyigu.

Ndiyo maana kabla ya kukwambia upige nini, nataka ufanye jaribio dogo lisilogharimu hela. Acha sehemu ya shamba, hata matuta manne ya upande mmoja, usiipige dawa kwa wiki tatu. Kisha geuza majani ya matuta hayo uchume vifukofuko 30 kutoka kwenye miche mbalimbali, usichukue vyote kwenye kabichi moja. Utaviona viko vya namna mbili. Cha nondo ni kama kipande kidogo cha chandarua cheupe, na ndani unaona pupa wa kijani au wa manjano. Chenye nyigu kina chandarua kilekile kwa nje, ila ndani kuna kitu kigumu cha kahawia, kimeziba kabisa, ncha zote mbili mviringo, mfano wa punje ndogo ya mpunga. Viweke pamoja na vipande vya jani vilivyoshikia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika kwa kipande cha kanga na mpira, weka ndani ya nyumba pasipo na jua. Wiki moja hadi mbili hivi, kutegemea baridi, watatoka. Hesabu nondo wangapi, nyigu wangapi. Nyigu warudishe shambani, nondo wapondeponde.

Nimewafanyisha wakulima wengi jaribio hili kuliko somo lolote jingine, kwa sababu mtu akishamwona nyigu akitoka kwenye kifukofuko alichokichuma kwa mkono wake, habishani tena nami kuhusu dawa. Ukipata nyigu kumi au zaidi katika hao 30, hali yako ni nzuri sana, unahitaji tu kuwapisha. Ukipata wawili watatu, wapo lakini wamechapwa, na itachukua msimu kuwajenga. Usipopata hata mmoja, rudia baada ya mwezi bila dawa kabla ya kukata shauri.

Nyigu huyu ana kisa chake. Afrika Mashariki tulikuwa na nyigu wetu wa asili wanaomshambulia nondo wa kabichi, lakini hawakutosha. Kabichi yenyewe ni mgeni. Mwaka 2001 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, walimleta *Diadegma* kutoka Taiwan, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho leo kina tawi Arusha. Walimchunguza kwanza akiwa amefungiwa karantini, na mwaka 2002 wakamwachia Werugha, kwenye milima ya Taita, na baadaye Tharuni upande wa Limuru. Akakaa, akazaana, akasambaa mwenyewe kwenda mashamba ambayo hakuna mtu aliyempeleka, na viwavi wakapungua hata kwa wakulima wasiojua kwamba kuna kitu kimeletwa. Baadaye aliachiwa Tanzania na Uganda pia. Taita si mbali na kwenu, ni milima ya hewa kama ya Usambara, na nyigu huyu anapenda hewa hiyohiyo. Kwenye joto kali hafanyi vizuri. Msomaji wa Kibaha au wa bondeni Morogoro asimtegemee. Huko anayefaa ni mwenzake, *Cotesia vestalis*, ambaye icipe walimleta kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya maeneo ya joto. Huyo kifukofuko chake ni kidogo, cheupe, kimebandikwa chenyewe kwenye jani pasipo chandarua.

Umeuliza kama hawatageukia kabichi. Swali hilo ni la msingi na nisingependa ulichukulie jibu lake kirahisi, kwa sababu viumbe vya kuletwa vimewahi kutuponza. Kunguru waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, na leo nani asiyejua wanavyokula vifaranga na mayai ya ndege wengine kuanzia pwani mpaka bara? Kunguru anakula kila kitu, hapo ndipo kosa lilipokuwa. Nyigu huyu ni kinyume chake. Funza wake hukulia ndani ya kiwavi, hawezi kuishi kwenye jani, na nyigu mzima hana haja ya kulitafuna. Chakula chake ni maji matamu ya maua. Viwavi wakipungua naye anapungua, wanabaki wachache wa kuendeleza kizazi, na viwavi wakiongezeka naye anaongezeka akiwa nyuma yao kidogo. Ndiyo maana hatawamaliza kabisa, na usimtarajie awamalize. Shamba lisilo na kiwavi hata mmoja ni shamba lisilo na nyigu.

Tuje kwenye bomba. Sikwambii uliache kabisa, kwa sababu una watoto wa kusomesha na kabichi haiwezi kusubiri nadharia. Nakwambia ubadilishe unachoweka ndani na sababu ya kulishika. Ondoa kwanza zile za kuua kila kitu. Soma kibandiko, tafuta jina la kiambato kwa maandishi madogo: saipamethrini, lambda-saihalothrini, profenofosi na za ukoo wao zote ni moto kwa nyigu. Badala yake ulizia duka la pembejeo dawa ya bakteria anayeitwa *Bacillus thuringiensis*, kwa kifupi Bt. Ni kimelea cha asili cha viwavi. Mjapani Ishiwata alimkuta kwenye viwavi wa hariri mwaka 1901, na miaka kumi baadaye Mjerumani Berliner akamkuta Thüringen, ndipo lilipotoka jina. Kiwavi lazima amle. Akifika tumboni, mazingira ya humo yanaiamsha sumu yake, utumbo unatoboka, kiwavi anaacha kula baada ya saa chache na anakufa kwa siku mbili tatu. Nyigu haimdhuru, na mtu haimdhuru.

Ila Bt ina adabu zake, na wanaosema haifanyi kazi wengi wao hawakuzifuata. Jua huiua haraka, kwa hiyo piga jioni. Inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo, waliokomaa wanaihimili. Lazima ifike chini ya jani, elekeza mdomo wa bomba juu kutokea chini. Jani la kabichi lina nta, maji yanateleza kama kwenye jani la myugwa, hivyo ongeza gundi ya dawa au sabuni kidogo ya maji. Na lioshe bomba vizuri kabla, maana mabaki ya dawa ya zamani yatakuulia nyigu huku ukidhani umepiga Bt. Tena usiipige kila wiki kwa mazoea. Nondo huyu ameshawahi kuishinda hata Bt kwenye mashamba ya Hawaii, ambako ilipigwa bila kupumzika.

Piga pale tu ukaguzi unapokwambia. Mimi hupita shamba kwa mwendo wa kupinda kama herufi W, nakagua miche 30, nageuza majani na kutazama kiini. Kama miche yenye viwavi hai haifiki kumi, naondoka. Kipindi ninachokuwa mkali ni kabichi inapoanza kujifunga, kwa sababu tundu la kiini siku hiyo ni kabichi mbovu baadaye. Majani ya nje hayaniumizi kichwa, utayabandua mwenyewe kabla ya gari la Dar kufika.

Mwarobaini nao unasaidia, lakini tumia mbegu. Majani ni dhaifu. Mti wenyewe haupendi baridi ya kwenu, mbegu utazipata kwa watu wa Korogwe au Tanga. Gramu 50 za mbegu kavu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, laza usiku, chuja, piga jioni ya siku ya pili. Usiuweke siku nyingi.

Jambo ambalo wakulima wengi wanalipuuza ni maua. Nyigu asiyepata maji matamu anaishi siku chache na kutaga kidogo. Pandikiza mistari ya giligilani pembezoni mwa kabichi na uiache itoe maua, usiivune yote. Ukingoni mwa matuta usifyeke kila kitu mpaka udongo uwe mweupe. Magugu yenye vimaua vidogo ni chakula cha wafanyakazi wako. Nimeona mashamba mawili yaliyotengwa na njia tu, moja lina giligilani iliyochanua na nyigu wanaruka juu yake asubuhi kama vumbi, jingine limefyekwa likapendeza kama uwanja, na kwenye chupa likatoa nondo watupu.

Ukipunguza dawa kali utawaona pia vidukari, wale wa kijivu wenye unga. Bt haiwagusi hao. Kabla hujaogopa, tafuta kati yao waliovimba wakawa na rangi ya karatasi ya kaki, na baadhi wana tundu la mviringo mgongoni. Hizo ni maiti, nyigu mwingine mdogo zaidi ameshawaingilia. Mche mmoja mmoja uliozidiwa, paka maji ya sabuni kwa mkono au ung'oe. Na ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye vidukari, wazuie, kwa sababu wanawalinda ili wapate ule utamu wao na huwafukuza marafiki zako.

Kwa kuwa huko wengi wanachanganya kabichi na nyanya, neno moja kuhusu kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa nyanya na majani yake. Aliingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, asili yake Amerika Kusini. Nyigu wa kabichi hawamhusu kabisa. Icipe walimleta nyigu wake kutoka Peru mwaka 2017 na ameshaachiwa Kenya na Uganda, lakini kwa mkulima wa leo nguvu kubwa ni kukusanya nyanya na majani yaliyotobolewa, kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyaanika juani mpaka yaive, pamoja na mitego ya harufu ya kukujulisha ameingia lini. Wengi huyatupa masalia kando ya shamba, na hapo ndipo anapozaliwa upya.

Wale wanaofugwa alioambiwa jirani yako wapo kweli. Kenya kuna kampuni, Thika na Naivasha, zinazozalisha wadudu rafiki kwa wingi, hasa utitiri wanaokula utitiri mwekundu kwenye mashamba ya maua na mboga za kusafirisha nje. Wengi wao ni wa kitalu nyumba, yaani banda lililofunikwa, si wa kabichi ya mlimani iliyo wazi. Na mtu akikuletea wadudu kwenye chupa kutoka ng'ambo ya mpaka, wakatae, hata kama ni ndugu. Kuingiza kiumbe hai cha namna hiyo kunahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea iliyopo Arusha, na sababu ni ileile ya kunguru. Njia halali ya kuwapata, kama chupa yako haitatoa hata nyigu mmoja, ni kwenda kwa bwana shamba wa kata na hesabu zako mkononi. Kuhamisha vifukofuko kutoka kijiji chenye nyigu hadi kisicho na nyigu, ndani ya wilaya hiyohiyo, ni kazi ya siku moja kwa anayevijua.

Anza na kitalu cha kabichi ijayo. Kifunike kwa chandarua kizima tangu mbegu inapoota, ili usipandikize miche yenye mayai tayari. Kama unaweza kuchagua, anza msimu wa mvua, kwa sababu mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wachanga, na nyigu watakuwa wameshajijenga kiangazi kikifika. Msimu wa kwanza utapata majani yenye matundu na wasiwasi mwingi. Usipige nusu eka nzima kwa sababu ya wasiwasi. Piga Bt mahali palipozidi tu. Ukishaifungua chupa, niandikie umehesabu nondo wangapi na nyigu wangapi, na shamba lako liko upande gani wa Lushoto, wa juu kwenye ubaridi au chini karibu na Mombo, kwa sababu jibu litabadilika kwa hilo.